Themanini ya Barabara Gani? Mwendo wa Pikapu Kuukuu Ikiwa Kwenye Fowili

Tulikuwa watatu ndani ya Hilux ya miaka ya 90, kusini mwa Mirerani. Mvua ilikuwa imekatika tangu alfajiri, na changarawe ilikuwa imeanza kukauka juu huku chini yake kukiwa bado na utelezi. Dereva, kijana mtulivu anayelijua gari lake, alikuwa ametia fowili, yaani nguvu ya injini iende kwenye magurudumu yote manne, tangu korongo la mwisho na hakuitoa tena. Mshale wa mwendo ulikuwa umetulia kwenye 80. Mzee tuliyempa lifti aliutazama mshale huo kwa muda, kisha akauliza kwa upole, "Kijana wangu, gari hili likiwa kwenye fowili, mwisho wake ni ngapi?" Dereva akagusa kibandiko kilichofifia kwenye dashibodi na kujibu, "Mzee, wenyewe wameandika themanini."

"Wameandikia barabara gani?"

Dereva akacheka, akapunguza mwendo kidogo, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya ng'ombe mnadani. Mimi nilibaki na swali hilo kwa wiki kadhaa. Niliwauliza madereva, nikamsumbua fundi, nikarudi kwenye vitabu vya mwongozo, na kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyoona kwamba mzee alikuwa ameuliza jambo ambalo wengi wetu tunaoendesha pikapu za zamani hatujawahi kujiuliza.

Namba ya mkono

Msomaji anayemiliki gari la namna hii hahitaji kuelezwa habu, zile kufuli za magurudumu ya mbele, ni za nini, wala kwa nini kuna mkono mdogo wa gia pembeni mwa ule mkubwa. Ninachotaka tukitazame kwa makini ni ile 80 yenyewe.

Katika miongozo ya pikapu za Toyota za kizazi hicho, kilomita 80 kwa saa ni kikomo cha kuhamisha mkono kutoka H2 (magurudumu ya nyuma peke yake ndiyo yanayosukuma) kwenda H4 (yote manne) gari likiwa linatembea, habu zikiwa zimefungwa. Baadhi ya magari yaliyokuja baadaye yaliruhusu hadi 100. Kuingia L4, yaani fowili ya gia nzito ya mwendo mdogo, kuna utaratibu wake, kwa kuwa hapo gari linatakiwa lisimame kwanza. Sababu ya kikomo hicho imo ndani ya transfa, boksi linalogawa nguvu ya injini mbele na nyuma: ili propela ya mbele, mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli, ishikamane na ya nyuma, vyuma viwili vinavyozunguka vinapaswa kukutana vikiwa na mwendo unaolingana, na kadiri gari linavyokwenda kasi ndivyo tofauti ndogo kati yao inavyogeuka kuwa kishindo kwenye meno. Ndiyo maana miongozo hiyo hiyo inakataza kusogeza mkono wakati magurudumu ya nyuma yanazunguka bure kwenye tope, hata kama gari lenyewe limesimama.

Kibandiko, kwa hiyo, kinauambia mkono wa dereva lini uhamishe gia. Kuhusu mguu wake hakisemi lolote.

Hakuna mahali kinaposema kwamba ukishaingiza H4 unaweza kushikilia 80 juu ya changarawe iliyolegea, kwenye kona, na watu wamesimama nyuma. Hata hivyo, namba hiyo ikishabandikwa mbele ya macho ya dereva kwa miaka 30 huanza kusomeka kama ruhusa, na nadhani hata mimi ningeisoma hivyo hivyo kama ningekuwa ndiye niliyeshika usukani siku ile.

Kwa fundi, chini ya gari

Mwanzoni nilidhani jibu ni la vyuma. Madereva wengi wa rika la baba zetu wanaamini kwamba fowili ikikimbizwa itavunja difu ya mbele, yale meno yanayogawia nguvu magurudumu mawili ya ekseli, na kwamba ndiyo sababu ya kuitoa mara tu unapopita tope. Nilimpelekea fundi mmoja wa Arusha hoja hiyo nikitarajia aiunge mkono.

Hakubishana nami. Alipandisha jeki gurudumu moja la mbele, akafunga habu, akahakikisha mkono uko H2, kisha akaniambia nilizungushe gurudumu kwa mkono huku nikitazama chini.

Propela ya mbele ilizunguka.

Maana yake ni kwamba mtu anayetembea na habu zilizofungwa, hata kama yuko H2 na hajagusa mkono mdogo, tayari anazungusha ekseli, difu na propela ya mbele kwa mwendo ule ule wa barabara. Wapo wanaokwenda hivyo msimu mzima wa mvua, kutoka kijijini hadi mjini na kurudi, na difu zao ziko salama mradi zina mafuta. Vyuma vya mbele si vigeni kwenye kasi. Kinachoviumiza ni kushikamanishwa na vya nyuma mahali ambapo tairi haiwezi kuteleza.

Pikapu hizi hazina difu ya katikati, ile inayoruhusu propela mbili kuzunguka kwa mwendo tofauti. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na propela mbili zilizofungwa pamoja haziwezi kukubaliana na tofauti hiyo. Chukua pikapu yenye mita 2.85 kati ya ekseli mbili. Ikigeuka kwa kukunja usukani sana, kiasi kwamba ekseli ya nyuma inachora duara la nusu kipenyo cha mita 6, ekseli ya mbele itachora duara la karibu mita 6.6, yaani zaidi ya nyingine kwa takriban asilimia 10. Juu ya changarawe tairi huteleza kidogo na deni hilo likalipwa bila mtu kujua. Juu ya lami kavu tairi haitelezi, na nguvu yote hujikusanya ndani ya transfa, kwenye krosi (viungo) za propela na kwenye meno ya difu, hadi mkono unagoma kutoka. Wengi wetu tunaijua dawa yake, ambayo ni kurudi nyuma polepole kwa kunyooka hadi vyuma vilegee.

Sasa tazama ajabu yake: kwenye kona ndefu ya barabara kuu, yenye nusu kipenyo cha mita 100, tofauti hiyo ni ndogo kiasi cha kutojalisha. Vyuma huumia zaidi unapogeuza gari kwenye uwanja wa kituo cha mafuta kwa mwendo wa mtu anayetembea kuliko unapokwenda 60 kwenye barabara ya vumbi iliyonyooka. Mwendo, kwa upande wa vyuma, si mkosaji mkuu.

Pana jambo moja linalobadilisha hesabu hii, nalo ni matairi. Ni kawaida yetu kununua mapya mawili, kuyafunga nyuma penye mzigo, na kuyaacha mbele yale yaliyolika. Tairi mpya ya 205R16 ina nusu kipenyo cha karibu milimita 360. Ikiwa ya mbele imelika milimita 7, tofauti inafika karibu asilimia 2, na hiyo ni sawa na karibu mita 20 za mvutano kwa kila kilomita, hata kwenye barabara iliyonyooka kama rula. Gari la namna hiyo likiingia kwenye lami na fowili bado imo, halihitaji kona yoyote ili lijikaze.

Fowili huficha habari

Baada ya kutoka kwa fundi nilikuwa karibu kumpa dereva wetu haki yake. Kama vyuma havina tatizo na 80 juu ya changarawe, mzee alikuwa anahofia nini?

Jibu lilinijia polepole, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Ukiwa H2 kwenye barabara yenye utelezi, gari hukuletea habari mapema. Unakanyaga mafuta kidogo tu, nyuma inacheza, na papo hapo unajua kwamba barabara haishiki. Ukiingiza H4, nguvu ya injini hugawanywa mbele na nyuma, kila tairi hubeba sehemu ndogo, na gari hutulia. Utulivu huo ni wa kweli. Lakini barabara haijabadilika hata kidogo: utelezi ni ule ule, na utakaposhika breki au kukunja usukani kwa ghafla, tairi zitakuwa na uwezo ule ule zilizokuwa nao kabla hujagusa mkono. Kilichoondoka ni onyo.

Hesabu ya breki inaonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Tuchukue kwamba changarawe iliyolegea inashika tairi kwa nguvu ya sehemu 4 kati ya 10 za uzito wa gari, na kwamba dereva anachukua sekunde moja kutambua hatari na kukanyaga. Kwa kilomita 50 kwa saa gari litakata karibu mita 14 kabla breki hazijashika na mita 25 nyingine hadi kusimama, jumla karibu mita 39. Kwa 80 litakata mita 22, kisha 63, jumla karibu mita 85. Mwendo umeongezeka kwa nusu na ziada kidogo, lakini umbali wa kusimama umezidi maradufu. Na hesabu hiyo haijui kama uko H2 au H4.

Hapa lazima niwe mwadilifu, kwa sababu msemo kwamba fowili haisaidii kupunguza mwendo ni wa kweli nusu tu. Kwenye mteremko wenye tope, ukiwa H2 na bodi tupu, injini inazuia magurudumu ya nyuma peke yake, ambayo hayana uzito juu yake. Yakianza kuburuzika, mkia unakuja pembeni. Ukiwa H4, na zaidi ukiwa L4 kwenye gia ya pili bila kukanyaga klachi, injini inazuia mbele na nyuma kwa pamoja, na gari linashuka kwa adabu. Hapo fowili inapunguza mwendo vizuri kuliko mguu wowote. Lakini hiyo ni faida ya mwendo mdogo. Anayeshuka kwa 15 anaipata yote. Anayekwenda 80 na kukuta mbuzi katikati ya barabara hana cha kupata humo.

Hoja ya mawimbi

Hoja ngumu kuliko zote niliyokutana nayo ni ya barabara iliyojikunja mawimbi madogo, yale yanayotikisa gari hadi skrubu za dashibodi zinafunguka zenyewe. Kila dereva wa porini atakuambia kwamba ukienda 40 utavunja shokapu, na ukifika 75 au 80 gari linapita juu ya migongo na mtikisiko unakwisha. Ni kweli kwamba mtikisiko unapungua. Nimeusikia ukipungua.

Lakini unapungua kwa sababu tairi haifiki tena chini ya bonde. Inagusa mgongo, inaruka, inagusa mgongo mwingine. Tairi iliyo hewani haiwezi kufunga breki wala kugeuza gari. Springi za majani za pikapu kuukuu, zilizotengenezwa kubeba tani, huwa ngumu kama ubao bodi likiwa tupu, na ekseli ya nyuma hurukaruka kuliko ya mbele. Ukiwa H2, gurudumu la nyuma likiwa hewani huzunguka kwa kasi zaidi, na likigusa chini huusukuma mkia upande. Ukiwa H4 msukumo huo unagawanyika, kwa hiyo gari linatulia hata kwa 45 au 50.

Hapa ndipo nilipobadilisha mawazo. Nilikuwa wa kundi la wanaotia fowili pale tu wanapokwama. Sasa naona ni busara kuitia mapema kwenye changarawe iliyolegea au yenye mawimbi, mradi ule utulivu inaouleta usitumiwe kununulia kilomita nyingine 20 kwa saa.

Mwaka 2007 wanafizikia Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walichapisha jaribio lao la kuviringisha gurudumu juu ya mchanga uliotandazwa kwenye meza inayozunguka. Mawimbi yalijitokeza mwendo ulipopita kiwango fulani. Chini ya hapo mchanga ulibaki tambarare. Kwa gari halisi kiwango hicho ni kidogo mno kwa mtu yeyote mwenye safari, kwa hiyo siwalaumu madereva kwa kuyatengeneza. Ninachokataa ni kuyafanya sababu ya kukimbia.

Umri una neno lake

Yote niliyoyasema yanahusu pikapu yenye afya. Zetu nyingi zina miaka zaidi ya 25.

Hilux zenye ekseli nzima ya mbele hazina usukani mwepesi wa magari ya leo, na boksi ya usukani ikishachakaa unaweza kuzungusha vidole kadhaa kabla gurudumu halijaitika. Kwa 40 unaishi na pengo hilo bila shida. Kwa 80, gari likipigwa na jiwe, unasahihisha kwa kuchelewa, kisha unasahihisha kupita kiasi, na magari mengi ya juu na membamba hupinduka katika kusahihisha huko kwa pili. Matoleo ya kawaida hayana mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga unapokanyaga breki. Nyuma kuna breki za ngoma ambazo, zikishaingia maji ya korongo, huchukua muda kurudi kwenye hali yake, na mara nyingi upande mmoja hurudi kabla ya mwingine.

Propela ya mbele nayo ina tabia yake. Ikikaa miezi bila kazi, krosi zake hukauka grisi, na siku utakapoiamsha ghafla itatetemeka kuanzia 50 au 60. Mtetemeko huo ukiusikia, teremka hadi unyamaze, na usipande tena mpaka fundi atazame chini. Miongozo ya Toyota ilishauri kutembea angalau kilomita 16 kila mwezi kwenye fowili ili mafuta yafike kwenye vyuma vya mbele. Katika magari yetu ushauri huo hufuatwa na wachache sana, na nadhani sababu moja ni kwamba kitabu kilibaki Japani au kilikuja kwa Kijapani.

Mwendo ninaoukubali

Mzee aliuliza ni ngapi, na sitakwepa kutoa namba. Hizi ni zangu, kwa pikapu kuukuu yenye matairi yanayolingana.

Kwenye changarawe nzuri, kavu, unayoiona mbele, 50 hadi 60 kwenye H4 inanitosha. Nafarijika kwamba Hifadhi ya Serengeti imeweka kikomo cha 50 kwenye barabara zake, ingawa huko wanyama ndio sababu kubwa. Palipo na mawimbi na kona, au changarawe iliyorundikana katikati baada ya greda kupita, 40. Kwenye udongo mweusi uliolowa hakuna namba ya maana zaidi ya kwamba usiende kasi ambayo huwezi kuiacha ipungue yenyewe bila breki, na kwa kawaida hiyo ni chini ya 30. Watu wakiwa wamesimama nyuma ninashuka kutoka kwenye kila moja ya namba hizi, kwa sababu uzito umepanda juu na wao hawana cha kushikilia isipokuwa wao kwa wao.

L4 inajipangia mwendo wake. Transfa ya Hilux hizo hupunguza mzunguko kwa mara 2.28, kwa hiyo mzunguko wa injini unaokupa 60 kwenye gia ya tatu ya H4 utakupa 26 tu kwenye gia hiyo hiyo ya L4. Anayeikimbiza L4 anapasha moto injini bila kufika mapema.

Kwenye lami, hata iliyolowa, fowili ya namna hii inatoka. Magari kama Mitsubishi Pajero yenye difu ya katikati yana ruhusa yao. Pikapu hizi hazina. Itoe mita chache kabla ya changarawe kuisha, ukiwa umenyooka, badala ya kusubiri ufike kwenye lami na kuanza kuvutana na mkono.

Kwenye tambarare

Kuna mahali ambapo mimi na dereva hatujakubaliana. Kwenye tambarare za Simanjiro kuna vipande ambavyo unaona kilomita mbili au tatu mbele, hakuna kona, hakuna nyumba, na changarawe imeshikana vizuri. Yeye anasema 70 kwenye H4 mahali kama hapo ni salama kuliko 50 kwenye barabara ya kijiji, na nikijumlisha mita zangu mwenyewe naona kwamba 70 inahitaji karibu mita 68 kusimama, ambazo ni chache mno ukilinganisha na anachokiona. Hoja yake ina nguvu.

Pingamizi langu ni kwamba kuona mbali hakusaidii dhidi ya mambo mawili: swala anayetoka kwenye nyasi pembeni, na tairi kuukuu inayopasuka. La kwanza anakubali. La pili anasema ni suala la kununua matairi, na hapo nami sina la kumjibu. Kwa sasa tumeafikiana 60 mchana, 40 jua likishazama, na hakuna kupita gari jingine ndani ya vumbi lake hata kama tuna haraka ya mnada. Kabla ya masika atapima mzunguko wa matairi yote manne kwa futi kamba, na yakitofautiana atanunua mapya manne au atabaki na ya zamani manne.